Huyu Anamuuzia Nani?

Leo nina picha moja mkononi, na kwa kuwa redio haioneshi, itabidi niwasimulie.

Ni stendi ya Makambako, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mama mmoja amenyanyua beseni la mahindi ya kuchemsha juu ya kichwa chake, mikono yote miwili imenyooka. Kitenge amekikaza juu ya sweta, kidevu kimeinuka, mdomo umefunguka kama anaita. Mvuke wa mahindi unapanda, na jua la ubavuni limeushika ule mvuke ukawa na rangi ya asali. Nyuma yake ni ubavu wa basi la bluu, basi tu, bati na misumari yake. Aliyepiga ni kijana fundi pikipiki, na simu yake ina ufa kwenye kioo tangu nimfahamu.

Alipoituma kwenye kundi letu la WhatsApp, sifa zilimwagika. Umetisha kaka. Kali sana. Moto. Vidole gumba vikapangana kama foleni ya malori ya Tunduma. Mimi mwenyewe niliandika kwamba ni picha ya mwaka, na wakati huo nilimaanisha. Baada ya kama nusu saa, mzee wetu, ambaye miaka mingi alikuwa na studio ya picha kabla macho hayajamchosha, akaandika maneno matatu tu: "Huyu anamuuzia nani?"

Kundi likanyamaza. Kila mtu, nadhani, alirudi kuitazama ile picha upya kama nilivyorudi mimi. Kweli, basi limekatwa chini ya madirisha. Hakuna abiria, hakuna mkono, hakuna noti inayoning'inia. Mama ananyoosha beseni lake kuelekea bati. Kijana alikuwa ameona mvuke na mwanga, na kwa kweli mvuke na mwanga vilikuwa vya ajabu, lakini jambo lenyewe lililokuwa likitokea pale stendi, lililomfanya mama anyanyue mikono saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye upepo ule wa Makambako, lilibaki nje ya picha.

Nataka jioni ya leo tuzungumze juu ya swali la namna hiyo. Sisi wapenda picha tusiolipwa tunaoneshana kazi zetu kila siku, simu zimejaa, lakini ni wachache wanaoambiana walichokiona. Tunasifiana. Naamini kabisa kwamba kusifiana bila kutazamana vizuri kunatunyima kitu, na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kunatunyima hata huu mji wetu.

Nieleze kwanza sisi ni akina nani. Tuko watu wasiozidi ishirini: walimu, muuguzi, dereva wa lori, wakulima wa parachichi, mama mwenye duka la vitambaa, wanafunzi, na huyo fundi wetu. Hatuna usajili wala katiba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana, mwezi mmoja Njombe mjini, mwezi unaofuata Makambako, na hizo kilomita 60 tunazikata kwa gari lolote linalopita. Kila mtu analeta picha moja tu, tena iliyosafishwa kwenye karatasi, saizi ya postikadi. Zinapangwa juu ya meza bila majina. Mwenye picha haruhusiwi kusema lolote mpaka wenzake wamalize kueleza wanachokiona.

Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote. Mtu anataka kujieleza: ah, pale palikuwa na ng'ombe amepita, mimi nilikuwa nataka hivi, betri ilikuwa inaisha. Lakini picha ikitoka haitembei na mwenyewe pembeni ya kuieleza. Atakayeikuta ukutani kwa shangazi yako Songea hatapata maelezo ya betri.

Tena kuna adabu. Kwetu huku kumkosoa mtu mzima mbele za watu si jambo dogo. Kijana wa miaka 19 hawezi kumwambia baba wa watu kwamba picha yake imekaa vibaya, na mimi sitaki aweze. Tulipoanza, vikao vyetu vilikuwa vya heshima tupu: shikamoo, marahaba, picha nzuri, asante, chai. Kilichotufungua ni swali. Mwanafunzi mmoja wa kike alishika picha ya mwalimu wake wa zamani, akasema kwa upole, "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, hapa jicho langu lianzie wapi?" Mwalimu akaitazama picha yake mwenyewe kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, hata mimi sijui." Ilikuwa picha ya soko la Njombe: viazi, kabichi, miavuli, watu, mbwa, pikipiki, vyote vina nguvu sawa, kila kimoja kinakuita. Toka siku ile tunaulizana. Swali halimvunjii mtu heshima, linamrudisha kwenye picha yake.

Mzee wetu ana namna yake ya kuhukumu. Akipewa picha, anaigeuza juu chini. Anaitazama hivyo imepinduliwa, kimya, ndipo anaongea. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Kumbe zile kamera kubwa za studio za zamani, za kusimama juu ya miguu mitatu, zilimwonesha mpiga picha sura iliyopinduka kwenye kioo cha nyuma, miguu juu kichwa chini, chini ya kitambaa cheusi. Waliofundishwa kwa kamera hizo walijifunza kupanga picha bila kuvutwa na uso wa mtu. Ukiipindua picha, husomi tena "huyu ni mama yangu" au "hili ni kanisa letu". Unaona mabonge ya giza na mwanga, na utaona mara moja kama bonge moja limelemea upande. Jaribu leo na simu yako. Picha nyingi ambazo zilikuwa zinanisumbua bila kujua sababu, nililijua tatizo lake kwa kuzipindua.

Na yeye alizoea mkanda wa picha 36. Mkanda ukiisha, umeisha, na kila picha ina gharama ya kusafisha. Kwa hiyo alikuwa anatazama kwanza, anapiga baadaye. Sisi tunapiga arobaini za kitu kimoja, tunachagua baadaye, na mara nyingi hatuchagui kabisa, tunazirundika. Simlaumu mtu kwa hilo, simu imetupa uhuru mkubwa. Lakini sheria yetu ya picha moja kwa mwezi imetoka kwake, na ukikaa kitandani usiku unachagua moja kati ya mia mbili, unajifunza mengi kuliko uliyojifunza wakati wa kuzipiga.

Sasa niende kwenye ukungu, maana huwezi kuzungumza picha za Njombe ukauruka.

Mji wetu umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi unatoka nje huoni nyumba ya jirani. Kila mpenda picha wa hapa amewahi kupiga ukungu, na karibu kila mmoja amewahi kukuta ukungu wake umetoka rangi ya majivu, na mtu aliyesimama ndani yake amekuwa kama kisiki kilichoungua. Tukaanza kulaumu simu, mara lenzi, mara kampuni.

Sababu ni hii. Kamera haijui ukungu ni nini. Imetengenezwa ikidhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya pamoja, vinatoa wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye weupe mtupu, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Weupe unashuka unakuwa kijivu, na uso wa mtu mweusi, ambao haukuwa na mwanga mwingi tangu mwanzo, unazama. Ndivyo ilivyo pia kwa bibi harusi mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe: gauni linatoka chafu, bibi harusi anapotea. Dawa yake ni ndogo. Kwenye simu nyingi, gusa kioo pale penye uso wa mtu, kikitokea kijua kidogo pembeni, telezesha kidole juu polepole mpaka uso ufanane na unavyouona kwa macho. Kwenye kamera, ongeza hatua moja, au moja na nusu. Ukungu utarudi kuwa mweupe na mtu atarudi kuwa mtu. Dada muuguzi alilijua hili kabla yetu kwa sababu alikuwa akipiga wenzake wodini wakiwa na sare nyeupe, na hakuna aliyekuwa anatokea sura.

Hapo mzee akatusimulia jambo lililonikaa moyoni. Enzi za filamu, maabara za kusafishia picha zilipimia rangi ya ngozi kwa kadi maalumu yenye picha ya mwanamke mzungu. Wenyewe waliiita kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi zetu zilifuata zitakavyofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard alipokwenda kwa majirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Na kampuni ilipokuja kurekebisha, walioifanya isikie, kwa maelezo ya watu wake wenyewe, walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazitofautiani kwenye picha.

Mzee alisema studio yake haikuwahi kuwa na ukuta mweupe. Alipaka rangi ya udongo, iliyokolea, akaweka taa moja karibu na dirisha, na watu wakatoka na sura zao. Hakusoma mahali. Alitazama picha zinarudi kutoka kusafishwa, akaona watu wake wanapotea, akatafuta njia. Mashavu ya watu wengi wa mkoa huu, waliopiga picha za vitambulisho na za harusi, yanaonekana leo kwenye albamu kwa sababu mtu mmoja alikataa kuridhika.

Nije sasa kwenye lile ninalolijali zaidi.

Mwaka juzi, mmoja wetu alileta picha ya msitu. Misindano imesimama mistari mistari, ukungu unapita katikati, njia ya udongo inapotelea ndani, jua linapasua matawi na kuacha nguzo za mwanga. Usafi wa picha ile sina neno la kuueleza. Ikawekwa mezani, kila mtu akavuta pumzi. Mwenzetu mmoja akasema kwa furaha, akiwa na nia ya kusifu, "Hii ni Ulaya kabisa!"

Mama wa duka la vitambaa akaichukua. Akasema, "Ndiyo. Kwa hiyo Njombe iko wapi?"

Wasikilizaji, kila mmoja wetu aliguswa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na picha ya namna hiyo nyumbani. Tumezoea kusifiwa hivyo. Wageni wakipanda kutoka Dar es Salaam wanasema Njombe ni Ulaya ya Tanzania, na sisi tunafurahi, halafu tunaanza kupiga picha za kuthibitisha maneno yao. Tunasubiri barabara iwe tupu. Tunasubiri mama mwenye mzigo wa kuni apite atoke kwenye fremu. Tunaziba nyaya za umeme, tunakata bango la mbolea, tunakimbia bodaboda. Kinachobaki ni miti na ukungu, na kweli inaweza kuwa Uswisi.

Tena miti yenyewe! Ule si msitu wa asili, ni shamba. Misindano ile asili yake ni Meksiko. Milingoti imetoka Australia, na miwati nayo ni ya Australia, ikaletwa kwa ajili ya magome yake yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kampuni ya miwati, TANWAT, imekuwepo Kibena tangu 1949. Kila mstari mle msituni umepandwa kwa mkono wa mtu, na mtu huyo ana shoka, ana koti la mitumba, ana chakula alichofungiwa na mkewe, ana mgongo unaouma. Picha ya msitu wa Njombe isiyo na dalili ya mkono imekosea hata katika ukweli wa kawaida kabisa wa huo msitu.

Mwenye picha hakukasirika. Alirudi mwezi uliofuata na picha ya pale pale, mistari ile ile, ukungu ule ule. Safari hii pembeni kulia kuna rundo la mbao zilizopasuliwa, zinatoa maji, na juu ya rundo kuna kikombe cha plastiki chekundu na koti limetupwa. Mtu haonekani. Lakini yupo. Nguzo za mwanga hazikuwa nzuri kama zile za kwanza, upeo umeinama kidogo upande wa kushoto, na mzee alilisema hilo bila kuficha. Picha ile hata hivyo imebandikwa dukani kwa yule mama mpaka leo, juu ya majora ya vitenge.

Huko Japani, miaka ya baada ya vita, alikuwepo mpiga picha mkubwa anayeitwa Ken Domon. Kuanzia 1950 alikuwa akihukumu picha za wasomaji katika jarida la Camera. Watu wa kawaida, wasio na jina, walimtumia picha zao kila mwezi, naye aliandika kwa kirefu kwa nini hii imefaa na ile haikufaa, bila kumbembeleza mtu. Wakati ule wapenda picha wengi wa Japani walikuwa wanapiga maua, mahekalu na wasichana waliopangwa wakae hivi na vile. Domon akawaambia waache kupanga, waelekeze kamera kwenye maisha yaliyo mbele yao, nchi iliyobomoka na watu wake. Shomei Tomatsu na Kikuji Kawada, ambao baadaye majina yao yalivuka bahari, walikuwa miongoni mwa waliotuma picha kwake wakiwa vijana. Siku nilipoijua habari hiyo nilifikiria ile meza yetu ya Jumamosi. Mtu aliyekosolewa kwa uzito, na mtu anayeiheshimu kazi yake kiasi cha kuisoma mpaka mwisho, amepewa zawadi ambayo vidole gumba mia haviwezi kuitoa.

Lakini habari ya Domon ina upande wa pili, na hapo sisi wenyewe tulikwama.

Asubuhi moja ya Julai, mwenzetu alileta picha ya mtoto pembeni ya barabara ya vumbi. Pekupeku. Baridi ile mnayoijua, majani yana barafu. Mtoto amekunja mikono kifuani, anatazama kamera moja kwa moja, na macho yake yamepigwa kwa ukali wa fokasi kiasi kwamba ukisogeza karibu unaiona barabara ndani yake. Mimi nilikuwa wa kwanza kusifu. Nilisema juu ya macho, nilisema juu ya mwanga laini. Nilikuwa bado naongea, dada muuguzi akauliza, "Mama yake ameiona?"

Hakuwa ameiona. Mwenzetu alisimamisha gari, akapiga, akaondoka. Hakujua jina la mtoto.

Tulibishana mchana mzima. Wengine walisema umaskini upo na lazima uoneshwe. Wengine walisema mtoto yule viatu anavyo, ametoka kucheza kama tulivyocheza sisi, na picha imemfanya maskini kuliko alivyo. Ken Domon naye alipiga watoto wa wachimba makaa ya mawe kule Chikuho, watoto wenye shida ya kweli, na mwaka 1960 akatoa kitabu cha picha zao kwa bei ya yen 100, kwenye karatasi duni, ili hata mtu wa kipato cha chini akinunue. Alitaka nchi yake iwaone. Nilimtaja siku ile kama ushahidi wa upande wangu. Muuguzi akanijibu kwamba Domon alikwenda kwao, alikaa nao, alijua anamuoneshea nani na kwa nini. Sisi tulikuwa tunaoneshana wenyewe kwa wenyewe ili tusifiane macho makali.

Nilikosea. Nasema hivyo hewani kwa sababu nilisema kinyume chake mbele ya watu. Kuna picha ambayo huwezi kuipima kwa fokasi na mwanga kabla hujajibu swali la muuguzi, na nilikuwa nimeanza kupima. Ile picha haikurudi mezani. Mwenzetu alirudi kijijini siku nyingine, akaulizia, akampata mama, akaambiwa ampige mtoto akiwa amevaa nguo ya Jumapili, na akampiga. Kwa macho ya mpiga picha ni picha ya kawaida: mtoto amesimama wima mbele ya mlango, amebana midomo. Mama ameiweka kwenye fremu. Ndani ya nyumba ile hakuna anayeona ni ya kawaida.

Nimeongea sana ya Njombe, na watu wa Makambako watanidai. Wana haki. Nuru ya Makambako ni nyingine kabisa. Kule ukungu si tatizo, tatizo ni upepo na vumbi. Mji umekaa kwenye njia panda ya barabara kuu ya kwenda Zambia na ile inayoshuka Njombe mpaka Songea, na usiku haulali. Malori yanaingia, mabasi yanatoka, taa zinapita ndani ya vumbi. Dereva wetu wa lori amepiga picha bora za usiku katika kundi zima, na anazipiga akiwa ameegesha, simu ameiegemeza kwenye kioo cha mbele ili isitikisike. Hana miguu mitatu ya kamera. Ana dashibodi.

Na kuna reli. Stesheni ya TAZARA pale Makambako imesimama na umbo lake la miaka ya 1970, paa pana, ukumbi mrefu. Reli yenyewe ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa hiki cha kupanda toka Mlimba mpaka kwetu, chenye mahandaki 18 na madaraja yasiyohesabika kwa vidole. Vijana wetu wanapiga stesheni ile kama gofu la huzuni: kiti kitupu, saa ya ukutani, kivuli kirefu. Nimeshazichoka, na nimewaambia. Treni ikifika, ukumbi ule unafurika magunia, akina mama wa Mlimba na ndizi zao, watoto waliolala juu ya mizigo. Omba ruhusa kwa msimamizi, kaa pale mpaka treni ije, hata ikichelewa. Anayepiga kiti kitupu ameondoka mapema.

Neno moja kuhusu jua, kwa wale wanaopenda kupiga mchana. Sisi tupo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, jua la mchana linasimama wima juu ya vichwa vyetu. Ukipiga mtu uso kwa uso saa sita na nusu mchana wa Oktoba, macho yake yatakuwa mashimo mawili na pua itaota masharubu ya kivuli. Mpeleke chini ya paa la banda, kwenye ukingo pale kivuli kinapoanza, mgeuze atazame nje. Ardhi yenyewe itamrudishia mwanga usoni. Udongo wetu mwekundu unatoa rangi ambayo hakuna filta itakayokupa.

Na mkitumiana picha za kukosoana, msizitume kama picha za kawaida. WhatsApp inazikamua ili zipite haraka, na mtu anakosoa ukungu uliotiwa na mtandao. Zitume kama dokumenti. Bora zaidi, zisafisheni kwenye karatasi.

Nirudi kwa fundi wetu wa pikipiki na mama wa mahindi.

Baada ya swali la mzee alinyamaza siku nne. Baadaye alinieleza kwamba aliumia, si kwa sababu mzee amemkosoa, bali kwa sababu alikuwa amemwona yule abiria. Alikuwa dirishani, kijana wa shule, mkono nje na shilingi elfu moja, na yeye alisogeza simu chini kusudi amwondoe, akidhani anaharibu picha. Akaanza kwenda stendi kabla ya kufungua gereji. Siku ya kwanza basi lilisimama upande wa pili. Siku ya pili mama hakuja, alikuwa na msiba. Siku ya tatu alipata mkono lakini mvuke hakuna. Mama akamuuliza anatafuta nini kila siku. Akamwonesha picha ya kwanza kwenye kioo chake chenye ufa. Mama akaitazama. Akamwambia, "Umenipiga kama naomba. Mimi nauza." Kijana anasema sentensi ile ilimuingia kuliko ya mzee.

Jumamosi iliyopita tulikutana Makambako, chumba cha nyuma cha mgahawa, chai ya maziwa na viazi vya kukaanga. Kijana akaweka karatasi yake mezani pamoja na nyingine, bila jina, ingawa sote tulijua. Safari hii madirisha ya basi yamo. Mkono wa abiria umetoka, umeshika noti iliyokunjwa, na mkono wa mama umeinuka kuipokea. Vidole havijagusana, vimebakiza nafasi ndogo tu. Mama anacheka na mtu tusiyemwona. Beseni amelishusha kiunoni, limeinama kuelekea kwetu, na ndani yake hakuna hindi hata moja, maji tu kidogo na ganda.

Mzee akaichukua, akaipindua juu chini, akakaa nayo. Chai yake ikapoa. Akaigeuza tena, akavua miwani.

"Mkono upo," akasema. "Sasa mbona beseni ni tupu?"

Sheria yetu inasema mwenye picha asiseme. Kijana akatazama chini, akabana midomo, akashindwa kabisa kujizuia.

"Mzee," akasema, "lilikuwa la mwisho."